Kikombe cha Pakanga

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa Mei, mwaka wa 2019. Kipkurui hahitaji kalenda kuikumbuka. Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Mtu aliyezaliwa katika nchi ya chai haogopi mvua. Kwake mvua ni jirani anayeingia bila kupiga hodi. Lakini ya siku hiyo ilimwagika kama yenye kisasi. Wachuma chai walikimbia na vikapu vyao mgongoni, na njia ya kwenda kituo cha kununulia majani ikageuka mto.

Juu ya mteremko palikuwa na yadi ya betri ya Benard Kipngetich. Benard alinunua betri zilizokufa, za magari, za malori na za taa za sola, akazipasua kwa shoka, akamwaga asidi yake chini, kisha akayeyusha risasi iliyomo ndani katika tanuru la mawe. Moshi wake ulimwachia mtu ladha ya sarafu mdomoni. Nyumba yake ilikuwa mle mle yadini, na nyuma yake nyumba ya mama yake, Chepkemoi, ambaye watu walimwita Kogo, yaani nyanya. Chini ya yadi, kwenye kipande cha ardhi kilichoshuka hadi kijitoni, ilikuwa bustani ya dawa ya Chelimo, mke wa Kipkurui.

Mvua ilipozidi, yadi ilijaa kama karai. Benard hakuchimba mtaro, hakutafuta hata ndoo. Aliwaamuru vijana wake waubomoe ukuta wa chini. Jiwe la kwanza lilipotoka, maji meusi yaliruka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, yakapita katikati ya pakanga, mnanaa na mishubiri ya Chelimo, na yalipotulia yaliacha tope lenye mng'aro wa ajabu.

Chelimo alisimama na jembe mkononi, sketi imelowa hadi kiunoni.

"Benard! Wewe Benard! Hiyo maji unapeleka wapi?"

"Si ni ya mvua tu, Mama Chepngetich!" Benard alimjibu akicheka, akimwita kwa jina la bintiye, mwavuli juu ya kichwa. "Mungu ndiye ananyesha, si mimi. Itakauka!"

Wahenga walisema, mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Ago ni kambi ya msafiri. Anayehama kambi asinye pale alipolala, kwa kuwa hajui kama safari haitamrudisha pale pale, giza limkute, alale juu ya uchafu wake mwenyewe. Kila mtoto wa shule ameiandikia insha methali hiyo. Wakubwa wetu nao waliiandikia enzi zao, wakapata alama nzuri, wakaisahau siku ya pili yake.

Chelimo hakuwa mganga wa kupiga ramli. Alikuwa mama wa dawa, kama mama yake na nyanya yake kabla yake, na watu walitoka hata Kimulot kuja kuchukua dawa ya tumbo, ya homa na ya kifua. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku moja: anayetoa dawa hunywa kwanza. Mgonjwa akiketi kwenye benchi lake, Chelimo alimimina kikombe, akapiga mafunda mawili mbele ya macho yake, akapangusa ukingo kwa kanga, ndipo akampa. "Kama itaua," alizoea kusema, "ianze na mimi."

Maneno huumba. Kabla mwaka haujaisha, watu walianza kulalamika. Dawa ya tumbo iliyokuwa ikituliza sasa ilikuwa ikisokota. Kisha mtoto wa Gekara akaugua. Gekara alikuwa mchinjaji hapo sentani, penye maduka, Mkisii aliyehamia miaka mingi iliyopita, mtu wa mdomo mrefu na mkono mwepesi. Binti yake mdogo alikuwa akipewa pakanga kwa ajili ya minyoo. Akadhoofika, akawa mzito wa akili darasani, akakaa hospitalini muda mrefu. Akapona, lakini si yule wa kwanza.

Gekara alikuja hadi langoni, kisu cha kazi bado kiunoni.

"Mama Chepngetich, mimi nilikuletea mtoto, nikakuamini kama dada yangu. Ulimpa nini?"

"Nilimpa kile nilikunywa mimi kwanza," Chelimo alijibu.

"Basi una tumbo la chuma."

Neno hilo lilienea kama moto wa kichakani. Ikawa ati Chelimo ana dawa mbili, moja ya kunywa yeye na nyingine ya kunywesha watu. Benchi likabaki tupu. Kanisani wanawake walisogeza watoto wao akiketi. Naye Chelimo hakuwa na tumbo la chuma. Lilikuwa likimsokota usiku na mchana, vidole vikimlegea hadi kikombe kikamwanguka, na kila alichokula kilikuwa na ladha ya sarafu. Hospitali ndogo ilimpa vidonge vya vidonda vya tumbo. Hospitali kubwa ilimpa tarehe ya kurudi. Hakuifikia.

Siku zake za mwisho alimshika Kipkurui mkono, kwa ule mkono wake uliokuwa hauna nguvu tena.

"Baba Chepngetich, ni dawa yangu?"

Kipkurui alimvutia blanketi mabegani. Hakujua.

"Kama ni dawa yangu, ng'oa yote uchome," Chelimo alisema. "Kama si dawa yangu, uwaambie. Usiniache nilale na hilo jina."

Kipkurui aliishia darasa la tano. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kikapu na kisu cha kupogolea chai, na hakuna aliyewahi kumkabidhi jambo zito kuliko hilo. Alimzika mkewe pembeni mwa bustani, akayakumbuka yale maji meusi ya yadini, akavaa koti lake la kanisani, akaanza kuzunguka maofisi.

Ofisi ya kwanza ilimwambia jambo lake ni la mazingira. Ya mazingira ikamwambia ni la afya. Ya afya ikamwuliza kama ana barua ya chifu. Chifu alimwuliza kama ana ushahidi. Kila mahali aliuliza swali moja, na aliliuliza kwa adabu mpaka adabu ikamwishia: "Ule uchafu wa betri uko pale. Nani atauzoa?" Walimtazama kama mtu aliyeingia na matope kwenye zulia. Mmoja alimpa kiti. Mwingine alimpa kalenda ya mwaka uliopita. Wanaokula mshahara kwa ajili ya kujibu swali lako ndio hulikwepa kwa ustadi zaidi, na Kipkurui alijifunza hilo bila karo.

Benard naye? Benard alikuwa ameshafunga yadi. Biashara ilimnenepesha, siasa ikamwita, na uchaguzi wa 2022 ukamfanya mwakilishi wadi. Akahamia karibu na mji, katika nyumba ya vigae, akamhamisha na mama yake. Tanuru aliliacha. Maganda ya betri aliyaacha. Tundu la ukutani aliliacha wazi, na kila mvua iliponyesha, maji yalipita pale pale kama kondoo waliozoea njia. Sasa aliitwa Mheshimiwa.

Mtu aliyesikiliza alikuja bila kuitwa. Quinter Oyoo alikuwa afisa wa udongo, mwanamke wa upande wa ziwani, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuwa akipita kupima uchachu wa mashamba ya chai, akaona majani ya mnanaa yaliyokuwa na rangi asiyoipenda. Akasimamisha bodaboda.

"Mzee, hapa pametokea nini?"

Kipkurui alimweleza. Alieleza kwa hasira, akijua ataambiwa aende ofisi nyingine. Quinter alichimba udongo sehemu mbalimbali, akauweka kwenye mifuko, akaondoka. Kipkurui alisema moyoni, haya, mwingine huyo amebeba udongo wangu. Lakini Quinter alirudi.

"Ni risasi, mzee wangu. Ile ya betri. Imejaa hapa. Na udongo wa huku ni mchachu kwa sababu ya asili yake. Uchachu unaifungua risasi, mizizi inainywa, inapanda kwa majani. Mama alikuwa anachemsha dawa nzuri iliyoota mahali pabaya."

Kipkurui aliketi chini pale pale, kwenye nyasi. "Kwa hivyo ndiyo ilimuua?"

Quinter hakuwa mtu wa kupaka mafuta. "Siwezi kuapa. Hakuna aliyempima damu akiwa hai. Ningekuwa na mamlaka ningewachapa viboko wote waliokupa kalenda."

Kipkurui aliwaeleza watu. Aliitembeza ripoti ya Quinter sokoni na kanisani. Walisema pole, kisha wakasema karatasi huandikwa na mtu. Mheshimiwa mwenyewe alisema kwenye mazishi fulani kwamba kuna watu wa nje wanaotaka kuchafua jina la wadi. Gekara alisukuma ripoti ile kando ya mzani wake wa nyama. "Mzee, hii haiwezi kunywa kikombe. Mtoto wangu alikunywa."

Basi Kipkurui alimwuliza Quinter kama dawa ingeweza kuota tena pale, safi, ya kunywewa na watu mbele ya watu. Hakuwa na njia nyingine ya kuwaambia.

"Risasi haitoki, mzee. Tusidanganyane. Lakini inaweza kufungwa kamba ndani ya udongo isipande." Akahesabu kwa vidole. "Chokaa ya shamba, kuua uchachu. Samadi iliyooza vizuri. Mkaa uliosagwa. Na unga wa mifupa iliyochomwa. Mifupa inaishika risasi kabisa."

"Chokaa?" Kipkurui aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Mama, hapa ni nchi ya chai! Chokaa inaua chai!"

"Unapanda chai hapa?"

Katika nchi ile mtu hujua shamba moja tu duniani, nalo ni la chai. Kinacholisha chai kinalisha vyote, kinachoua chai kinaua vyote. Ng'ombe wangeweza kula mbolea ya chai, wangepewa.

Ila habari ya mkaa aliielewa kabla haijaisha kusemwa. Tangu azaliwe alikuwa akiona kibuyu cha maziwa ya mursik kikisuguliwa ndani kwa mkaa wa mti, maziwa yalale salama, yasioze. "Kumbe tunausugua udongo kama kibuyu," alisema.

"Ndivyo," Quinter alijibu, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Mifupa ilikuwa kwa mtu mmoja tu. Kipkurui alikwenda buchani.

"Unataka mifupa ya nini?" Gekara aliuliza. "Mmeanza kupika supu ya pakanga?"

"Nataka kuponya udongo uliomdhuru mtoto wako."

Gekara alinoa kisu muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Mzee, wewe ni mkaidi kama punda wa maji." Asubuhi yake toroli la mifupa lilikuwa langoni, na Gekara mwenyewe alikuwa akilisukuma. "Sijasema nimesamehe," alisema. "Nimesema mifupa inanuka kwangu."

Walichoma mifupa, wakaitwanga kwenye kinu. Wakasaga mkaa hadi wakafanana na mashetani. Wakachanganya na samadi na chokaa, wakalima, wakaiacha mvua ishushe. Quinter aliwakataza kabisa dawa za mizizi; alisema mizizi hulala na adui kitanda kimoja. Hapo Kipkurui alisikitika, maana nusu ya elimu ya Chelimo ilikuwa kwenye mizizi. Walipanda pakanga na mnanaa, wakatandaza nyasi kavu chini ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani, wakachimba mtaro wa kuyakinga maji ya tundu la yadi. Majani ya kwanza yalipopimwa, risasi ilikuwa imeshuka sana, ingawa bado haikuwa imefika pa kunywewa.

"Msimu mmoja zaidi," Quinter alisema. "Mmoja tu. Msiguse kitu."

Msiguse kitu! Kwa kiongozi wa Kenya, neno hilo ni sawa na kumwambia fisi asiuguse mfupa.

Kipkurui alikwenda Kimulot, kwa binti yake Chepngetich, kwenye ubatizo wa mjukuu. Akamwachia Gekara bustani. Aliporudi, langoni palisimama kibao kikubwa chenye picha ya Benard akicheka: Mradi wa Dawa za Asili, kwa hisani ya Mheshimiwa. Bustani nzima ilikuwa imenyunyizwa chembechembe nyeupe, na magunia matupu ya mbolea ya chai yamekunjwa vizuri kando.

"Gekara!"

"Ningefanya nini, mzee? Alikuja na watu wa kamera. Alikuja na tarumbeta!"

"Tarumbeta ndiyo ikakushika mikono?"

"Alisema mbolea ya chai haijawahi kuiangusha Kericho. Nikamwambia Madam Quinter alikataza. Akaniuliza, kwani Madam Quinter alichaguliwa na nani?"

Mvua ilishusha mbolea hiyo ardhini. Pakanga ikanenepa, ikawa ya kijani kibichi cha kupendeza macho, na kila mpita njia alisifu. Kabla Quinter hajafika, vijana wa Mheshimiwa walikuja na pikapu asubuhi Kipkurui akiwa kituoni kupima majani yake ya chai. Wakavuna nusu, wakakausha, wakafunga kwenye pakiti zilizokuwa na ile picha ya kicheko, wakazigawa makanisani na sokoni. Kipkurui alipowapigia simu aliambiwa Mheshimiwa yuko kwenye mkutano.

Quinter alipopima majani yaliyobaki alirudia kipimo mara ya pili.

"Mbolea ya chai inaleta uchachu," alisema mwishowe. "Kamba zote tulizofunga zimelegezwa. Risasi imepanda tena. Mnaona vile majani yamependeza? Hayo ndiyo mabaya kuliko yote."

Kipkurui alichukua panga, akakikata kile kibao vipande vipande. Kisha yeye na Gekara wakazunguka kutoka kanisa hadi kanisa na soko hadi soko, hadi Roret, wakiwaomba watu wazirudishe pakiti. Wengi walizirudisha. Wengine walicheka: "Si ni wewe ulitaka watu wanywe dawa ya mke wako?" Mheshimiwa alitoa taarifa kwamba wakulima hawakufuata maagizo ya wataalamu.

"Wakulima hawakufuata!" Kipkurui alirudia maneno hayo akitwanga mifupa. Alirudia akisaga mkaa. Alirudia akimwaga chokaa upya, mfuko kwa mfuko, hadi Gekara akamsihi, "Mzee, kinu kitapasuka." Kuanza mara ya kwanza ni matumaini. Kuanza mara ya pili, kwa ujinga wa mtu aliyelala kwenye vigae, ni nyongo tupu. Lakini alianza. Jioni alipita kaburini akasema, "Bado, Mama Chepngetich. Wamenirudisha nyuma. Bado." Na wakati huu alilala bustanini kila alipoona gari la serikali barabarani.

Misimu ikapita. Quinter akavuna mwenyewe, akaosha majani mwenyewe, akayapeleka maabara mwenyewe. Alipopiga simu alikuwa akipiga kelele hadi Kipkurui akaiweka simu mbali na sikio. Majani yalikuwa salama. Pakanga na mnanaa, majani tu, kutoka sehemu ile iliyotibiwa, watu wangeweza kunywa.

Kipkurui alitoa benchi la Chelimo nje, akalipangusa vumbi. Hakuja mtu. Siku ya soko ikapita, hakuja mtu. Maabara ilikuwa imesema, lakini maabara haina mdomo wa kunywea.

Aliyekuja, alikuja kwa gari jeusi, mchana wa Jumamosi, Quinter na Gekara wakiwa pale wakigeuza samadi. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka Kogo Chepkemoi, mama yake Benard, amekonda kama ufito, ameshika fimbo. Benard alimfuata akiwa na begi la nguo.

"Chamgei, Kipkurui," Kogo alisalimu.

"Chamgei mising, Kogo. Karibu."

"Nimekaribia nini na hapa ni kwangu?" Akanyosha fimbo kuelekea nyumba yake ya zamani nyuma ya yadi. "Nimechoka na hiyo nyumba ya vigae. Nimetoka hospitali. Unajua kilichonipeleka?"

Benard alikohoa. "Mama, hayo tutazungumza—"

"Nyamaza. Alikuwa na katoni ya dawa kwa stoo, na picha yake juu. Mimi nilikuwa mgonjwa wa Chelimo kabla nyinyi wote kumjua. Nikasema, heri, dawa ya Chelimo imerudi. Nikakunywa asubuhi na jioni. Daktari akapima damu yangu, akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya betri." Akamgeukia mwanawe. "Mimi! Betri!"

Gekara aliangusha uma wa samadi.

"Amerudi kukaa hapa," Benard alisema kwa sauti ya chini, bila kamera. "Amekataa kwingine kote. Na mimi nitakuwa nalala hapa nikimwangalia. Baba alizikwa hapa, nitafanyaje?"

"Daktari anaendelea na dawa ya damu, naye simwachi," Kogo alisema. "Lakini tumbo halitulii. Kipkurui, nasikia umefufua pakanga. Nipe."

Kipkurui alimtazama Quinter. Quinter alitafakari, akauliza hospitali ilisema nini, akauliza dawa alizopewa, kisha akatikisa kichwa kukubali. "Kidogo tu. Na kliniki usikose, Kogo."

Kipkurui alichemsha maji, akatia majani, harufu chungu ya pakanga ikajaa uani kama zamani. Akamimina kikombe kile kile cha bati cha Chelimo, akakiweka kwenye benchi. Kogo hakukigusa.

"Chelimo alikuwa anakunywa kwanza," alisema. "Leo anakunywa nani?"

Kipkurui aliunyosha mkono, lakini fimbo ya Kogo ikauzuia.

"Si wewe. Wewe nakuamini. Benard, mwanangu. Onja, nikuone."

Benard alicheka kidogo, kile kicheko cha picha. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye kikombe. Ukakaa hapo. Ukarudi.

"Hii... imetoka upande gani?" aliuliza. "Upande wa yadi ama upande wa kijito?"

"Kwani pande hizo zina tofauti gani, Mheshimiwa?" Kipkurui alisema polepole. "Si ilikuwa maji ya mvua tu? Si ulisema itakauka?"

Jasho lilimtoka Benard juu ya mdomo. Hakukigusa tena kikombe. Mtu anaweza kudanganya kwenye mkutano, kwenye redio na kwenye mazishi, lakini ni vigumu kudanganya kwa koo lake mwenyewe.

Gekara alivua kofia yake.

"Kwa hivyo ulijua," alisema. "Siku zote. Mtoto wangu alikuwa anakunywa, na wewe ulijua iko nini kwa hiyo udongo." Alimsogelea Benard karibu sana, Quinter akaanza kuinuka, lakini Gekara alimpita, akaenda pembeni mwa bustani, akapiga magoti kaburini palipoota nyasi. "Mama Chepngetich," alisema kwa sauti ya buchani, ya kusikika ng'ambo ya kijito, "nilikusingizia langoni mwako. Na mimi huwa sisemi kitu kwa sauti ndogo, basi hata hii kesho nitaisema soko nzima."

Kipkurui alichukua kikombe. Akapiga mafunda mawili mbele ya macho yao wote, akapangusa ukingo kwa kanga ya Chelimo iliyokuwa imetundikwa mlangoni tangu alipokufa, akampa Kogo. Bibi kizee akanywa, akakunja uso kwa uchungu wa pakanga, akasema, "Ndiyo hii."

Macho ya Kipkurui yaliuma, akaulaumu moshi.

Lakini Quinter alikuwa akiitazama yadi. Juu pale tanuru lilikuwa limesimama bado, maganda ya betri yamerundikana, na ukuta una tundu lake. "Hapa chini tumefunga kamba tu," alisema. "Mzizi wa ugonjwa uko kule juu, mlangoni mwa nyumba ya Kogo. Mtaro wetu hautazuia mvua kubwa. Ule udongo lazima uchimbwe, uzolewe wote, upelekwe mahali pa kufaa. Hiyo si kazi ya mzee na mchinjaji."

"Basi, Benard," Kipkurui alisema, na hakumwita Mheshimiwa. "Nimeuliza maofisi yote, na wewe ulikuwa mkubwa wao. Sasa nakuuliza ukiwa na begi la nguo mkononi. Nani atazoa?"

Benard aliviangalia viatu vyake. Aliangalia nyumba ambayo angelala usiku huo, na tope lililoanzia kizingitini.

"Tutaunda kamati," alisema.

Kogo alitema mate. Upande wa msitu wa Mau mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, meusi, kama yale ya Alhamisi ile. Mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Na akiisha kunya, kisha akauya, ni nani wa kuzoa?